Mkeka wa Mama: Siku Nane, Lamu hadi Karura na Kurudi

Siku ya kwanza, Alhamisi

Tumeondoka Lamu kwa boti ya kwanza ya Mokowe, jua halijapanda. Mama kakaa mbele, baibui kalikusanya magotini lisilowe, na mkeka wake wa ukili kaufunga kwa kamba na kuuegemeza begani. Tunakwenda harusi ya binti wa mjomba Nairobi, na nilimwambia harusini kuna viti. Akanijibu kuwa mkeka haulipiwi nauli.

Mkeka huo una habari yake. Wiki tano zilizopita, yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja waliitandika mikeka yao katikati ya njia inayoshuka kutoka vilima vya mchanga vya Shela, wakakaa. Punda waliokuwa wakibeba mchanga wa ujenzi hawakupita. Walikaa tangu baada ya sala ya alfajiri, na ilipofika adhuhuri wakachukuliwa kituoni. Magharibi wakaachiwa, bila mashtaka.

Siwezi kuandika safari hii nikaficha nilichofanya mimi. Kesho yake shuleni mwalimu mwenzangu aliniuliza kama mmoja wa wale wanawake ni mama yangu. Nikasema, "Mama ni mtu mzima, ana mambo yake." Mimi nafundisha jiografia. Wiki ile ile nilikuwa nimechora ubaoni jinsi maji ya mvua yanavyozama mchangani, yakajikusanya chini na kuelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Niliwaambia wanafunzi wanakili na waandike vizuri, maana linaweza kutoka kwenye mtihani.

Mchoro ule ndio uhai wa mji wetu. Lamu haina mto, na maji matamu ya visima vyake yanatoka chini ya vilima vile vya Shela. Ukiuondoa mchanga, umeondoa chujio na tangi kwa pamoja, kisha chumvi ya bahari inasogea ndani, na ikishaingia kisimani kuitoa ni kazi ya miaka na miaka. Mama hakusoma jiografia. Alionja tu maji ya kisima cha nyuma ya nyumba na kusema, "Mai haya yana kitu."

Barabara ya Mokowe hadi Garsen ni lami siku hizi, ila vizuizi ni vile vile: abiria mnashuka, mnatoa vitambulisho, mnapanda. Kwenye kizuizi cha pili askari kijana alimuuliza Mama kuna nini ndani ya mkeka. Mama akamfungulia. Hapakuwa na kitu. Askari akamsaidia kuufunga tena, kwa heshima, akimwita nyanya.

Tukavuka Tana, tukapita Malindi, tukapita Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa mkono wa kulia, mweusi kwa wingi wa miti. Mama mmoja aliyepanda hapo alikuwa akienda Kilifi, na mazungumzo yakafika Uyombo, ambako mwaka 2024 watu waliandamana kupinga mtambo wa nyuklia na polisi wakawajia. Alisema neno moja nililoingia nalo Mombasa: "Kabla ya siku ile hata jina la kijiji hawakuwa wakilijua."

Siku ya pili, Ijumaa

Tulilala kwa shangazi, na alfajiri tukashika matatu ya kwenda stesheni ya Miritini. Njia inapita upande wa Mikindani, nami nikamwonyesha Mama Owino Uhuru iliko. Kisa chake anakijua kila mtu wa pwani: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi kwenye moshi na maji machafu, watoto wakiugua mmoja baada ya mwingine. Phyllis Omido alifanya kazi kwenye kiwanda kile, mtoto wake akapata sumu ya risasi kwa kunyonya maziwa yake. Aliandika barua, akabisha ofisini, na hatimaye akaingia barabarani na majirani zake. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa, kisha korti ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mvutano wa kisheria uliendelea hata baada ya hapo, lakini moshi ulikwisha.

Mama akauliza, "Barua ziliwahi kujibiwa?"

Anauliza kwa sababu anazo zake. Kwenye mkoba wake kuna bahasha ya kaki yenye nakala za barua tatu ambazo wanawake wa mtaa wetu waliziandikia ofisi tatu tofauti kuhusu mchanga wa Shela, kwa muda wa miaka miwili. Nakala zote zina muhuri wa kupokelewa, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Nilikuwa sijui. Nilidhani waliamka siku moja kwa hasira wakaenda kukaa njiani.

Kwenye treni alikaa dirishani akiwatafuta tembo wa Tsavo, nami nikamwuliza jambo lililokuwa likinichoma zaidi ya yote. Siku ile ya mikeka, mchukuzi mmoja mwenye punda wawili alipiga kelele: "Mama zangu, mimi mwanangu atakula nini leo?" Video ilizunguka mji mzima. Hiyo ndiyo iliyonifanya nimkane mama yangu. Mwenye kiwanja hakuumia kitu siku ile, nilijiambia, aliyeumia ni maskini mwenye punda.

Mama hakugeuza uso kutoka dirishani. "Tulimlipa."

"Mlimlipa nani?"

"Wote. Walikuwa tisa. Tulichanga usiku wake, kila mtu alichonacho, tukawapa ujira wa siku. Yule aliyepiga kelele alipewa mwanzo. Ila hilo hawakulipiga picha."

Nilinyamaza hadi Voi. Nimefundisha watoto wa watu miaka kumi na moja, na sikuwahi kufikiri swali hilo kwa undani ambao wanawake wale walilifikiri usiku mmoja, wakihesabu noti za hamsini: tukiisimamisha siku ya mtu, ni siku ya nani, na tunaifidiaje?

Baada ya Voi ndipo nilipomwambia kwamba watu wa aina yake wanaitwa wanamazingira. Akauliza ndiyo nini. Nikaeleza. Nikamwambia pia kwamba neno hilo mimi nililiogopa siku zote. Kwangu lilikuwa la watu wa fulana zenye nembo na semina za hotelini, wanaokuja na boti, wakapiga picha mikoko yetu, wakaondoka. Mtu wa Lamu anayechota maji kisimani angewezaje kujiita hivyo? Mama alilirudia neno mara mbili, polepole, kama anayejaribu kiatu.

"Mimi nataka mai tu," akasema.

Siku ya tatu, Jumamosi

Harusi, South C. Ilikuwa njema, bwana harusi mpole, pilau imetosha. Mama alikaa kwenye mkeka wake.

Siku ya nne, Jumapili

Mjomba, mdogo wake Mama, anaendesha teksi. Alijitolea kututembeza mjini, na Mama akamwambia anataka kuona mahali pawili tu: pale walipokaa wale kina mama, na msitu wa yule mama. Hakutaja jina la Wangari Maathai, na Mjomba hakuhitaji kuuliza.

Basi leo Uhuru Park, ile pembe wanayoiita Freedom Corner. Baridi ya Agosti ilikuwa kali na Mama alivaa sweta la Mjomba juu ya baibui.

Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga hapa mnara wa ghorofa 60, makao ya gazeti la chama, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari Maathai alianza kama wanavyoanza wote, kwa barua. Aliwaandikia wenye gazeti, akaiandikia ofisi ya rais, akawaandikia wakuu wa jiji na mashirika ya Umoja wa Mataifa, hata balozi wa Uingereza, akimwuliza kama wao wangekubali mnara kama huo ujengwe ndani ya Hyde Park. Bungeni wakamtukana. Wenzake wa Green Belt, shirika alilolianzisha mwaka 1977 kupanda miti na wanawake wa vijijini, wakaitwa kundi la walioachika. Rais mwenyewe akasema wanaopinga wana wadudu kichwani. Lakini kelele zilikuwa zimeshafika kwa wenye pesa huko ng'ambo. Wakajitoa, na mnara haukujengwa.

Kuna jambo ambalo nimelielewa leo tu, nikiwa nimesimama pale. Tarehe 28 Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja kukaa hapa hapa, wagome kula hadi wana wao waachiwe. Wangari akakaa nao. Kama mnara ule ungejengwa, wangekaa wapi? Uwanja uliookolewa kwa ajili ya miti ndio uliowapa kina mama mahali pa kukaa. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa mabomu ya machozi na marungu, Wangari akapigwa hadi akazirai. Baadhi ya wale wazee wa kike wakavua nguo mbele ya askari. Kisha wakahamia kanisa la All Saints, hapo karibu, wakaendelea karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 wafungwa karibu wote wakaachiwa.

Nilimsimulia Mama habari ya kuvua nguo kwa sauti ya chini. Alikaa kimya muda mrefu. Kwetu jambo hilo hata kulitaja ni zito. Hatimaye akasema, "Waliwafikisha hapo," na akaitandika mikono yake magotini kama yuko kwenye tahiyatu.

Mjomba hakuridhika. Yeye hupata mkate wake barabarani, na maandamano kwake ni siku bila mkate. Alitusimulia Juni 2024, siku za kupinga Mswada wa Fedha: siku nzima hakuingiza shilingi, na moja ya siku hizo alikuwa na mama mwenye mtoto mgonjwa kiti cha nyuma. Barabara ya kwanza imefungwa, ya pili imefungwa. Ya tatu vijana wakaona mtoto, wakaondoa mawe na kukimbia mbele ya gari wakimfungulia njia hadi hospitali. "Na kama wasingemwona?" akaniuliza mimi, siyo Mama.

Swali hilo sitalipamba. Maandamano yasiyoacha njia ya mgonjwa siwezi kuyatetea, na nikiyaona nitasema. Lakini Mjomba mwenyewe, tulipomwuliza kama mswada ule ungeondolewa kwa barua, alicheka kwa huzuni. Rais alitangaza kuuacha tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni. Waliokufa hawakurudi. Hakuna aliyesema mambo haya ni rahisi.

Usiku kitandani niliendelea kulipima neno kusumbua. Mchanga wa Shela unabebwa kila siku, alfajiri hadi jioni. Unasumbua visima vya mji mzima, na usumbufu huo umepewa jina la maendeleo. Wanawake kumi na wawili wamekaa nusu siku, na kukaa kwao kukaitwa vurugu. Kisima kikiingia chumvi hakuna anayepiga simu polisi. Nani hasa aliyeanza kumsumbua mwenzake?

Siku ya tano, Jumatatu

Karura.

Mama hajawahi kuona msitu wa namna hii. Anaijua mikoko, ambayo ni miti ya kuinama na kuruka matope. Hii ilimfanya ainue kichwa na kushika kilemba. Tulipita chini ya miti ya muhugu, tukaona mbega, weusi kwa weupe, wakirukaruka juu kwa mikia yao mirefu. Tulishuka polepole hadi maporomoko ya maji, karibu na mapango waliyojificha Mau Mau, na Mama akakaa kwenye jiwe akayatazama maji yakianguka, mengi, matamu, bila mtu kuyachota. Alitaka kujua kama yana chumvi. Mlinzi akamwambia hapana, mama, haya ni ya mto.

Msitu huu una zaidi ya hekta 1,000, ndani ya jiji, na katika miaka ya tisini sehemu kubwa yake ilikuwa imeshagawiwa kimyakimya kwa wajenzi binafsi. Oktoba 1998 waandamanaji waliingia, na vifaa vya ujenzi vikachomwa moto. Kuchoma mimi sikukubali hata leo, na nilimwambia Mama hivyo. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari alirudi na wabunge wa upinzani na waandishi wa habari. Alibeba mche wa kupanda na jembe. Wakavamiwa na kundi kubwa la walinzi waliokodiwa, wenye mapanga, marungu na mijeledi. Alipasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, na alipoambiwa atie sahihi, alichovya kidole kwenye damu ya kichwa chake akasaini nayo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliposikia, wakaingia barabarani, na jiji likasimama. Agosti mwaka ule ule Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Mche mmoja. Yule mwanamke alikuwa anakwenda kupanda mche mmoja, na hiyo ikaitwa uchochezi.

Leo kulikuwa na watu wanakimbia, wengine juu ya baiskeli, familia imetandika shuka inakula mandazi. Kulikuwa na bibi harusi anapigwa picha. Sidhani hata mmoja kati yao angetaka kurudishiwa ile Nairobi tulivu ambayo ndani yake msitu huu ungekuwa nyumba za watu wachache. Utulivu ule ndio uliokuwa unaumega msitu, ploti moja baada ya nyingine.

Mama alisema, "Yule alikuwa na damu ya kutia sahihi. Sisi tulikuwa na mikeka."

Hapo ndipo nilipomwomba radhi. Nilimwambia neno nililolisema shuleni, neno kwa neno, maana nusu ya toba siyo toba. Alikuwa analijua. Mtaa wetu ni mdogo. Alisema alilisikia siku ile ile, na alikuwa akingoja nilete mwenyewe. Kisha akaniambia nimsaidie kushusha soksi, miguu imevimba, na tukakaa pale mpaka mlinzi akaja kutukumbusha saa.

Siku ya sita, Jumanne

Treni. Mama amelala njia nzima. Mimi nimesoma Katiba kwenye simu, vifungu viwili tu, tena na tena. Kifungu cha 42: kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 37: kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, kukusanyika, kuandamana, kusimama kupinga, na kuwasilisha maombi kwa mamlaka ya umma. Vimeandikwa katika sura moja, na mimi nilikuwa nafundisha kama kwamba cha kwanza ni cha darasani na cha pili ni cha wahuni.

Siku ya saba, Jumatano

Mombasa hadi Mokowe, basi la asubuhi. Kwenye boti Mama alitaja makaa ya mawe. Kwasasi, ng'ambo yetu huku, walitaka kujenga mtambo wa megawati 1,050, na Lamu ikapinga miaka kadhaa. Mama alivaa fulana ya kupinga hadi ikachanika. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira, National Environment Tribunal, ilifuta leseni, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mimi siku zote nilisema sheria ndiyo iliyoshinda. Leo nilisema hivyo tena, kwa mazoea.

"Hawakuya kutuita," Mama akasema. "Sisi ndio tuliokwenda. Na mpaka tukaitwa ndani, tulikaa nje."

Tulipokaribia gati nilimwona yule mchukuzi wa video, na punda wake, akipakia simenti. Alimwamkia Mama shikamoo, akachukua mzigo wetu hadi nyumbani, na akakataa pesa.

Siku ya nane, Alhamisi

Mchanga bado unashuka. Tulisikia kwato alfajiri.

Wanawake walikuja baada ya alasiri, wote kumi na wawili, na wengine wapya wanne. Walitaka kusikia habari za harusi kwanza, kisha msitu, na Mama aliwasimulia maji ya Karura kwa kirefu kuliko harusi. Halafu wakaanza kuhesabu: punda ni wangapi sasa, ujira umepanda kiasi gani, nani ana nini. Mwenye mgonjwa apite upande gani. Safari hii wanataka kukaa kwenye njia ya kiwanjani kwenyewe, juu, ambako wachukuzi wengine wa mji hawatazuiwa.

Mara ile ya kwanza waliambiwa kosa lao ni kutotoa taarifa. Sheria inataka polisi wapewe taarifa angalau siku tatu kabla, kwa maandishi, ikitaja siku, saa na mahali, na jina kamili la mwandalizi na anakoishi. Walinipa karatasi na kalamu kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Nikaandika tarehe. Nikaandika saa, baada ya sala ya alfajiri, na mahali. Nikataja kifungu cha 37 na cha 42, nikaambatisha nakala za zile barua tatu.

Mama alikuwa ameketi chini, anaufunga ukili uliofumuka kwenye pembe ya mkeka. Aliuliza bila kuinua macho, "Ina langu umelandika sawa? Mara ile walilikosea."

Nikamwambia la, nimeandika langu.

Aliacha kushona. Aliomba karatasi, akaisogeza karibu na taa, akalisoma jina la mwanawe herufi kwa herufi, na anwani yetu chini yake, kisha akanirudishia na kuniambia niiweke ndani ya bahasha isije ikakunjika. Kesho saa mbili nitaipeleka kituoni.